Safari Hii Sina Masahihisho

New Hope, Minnesota
22 Januari 2023
(Haikutumwa)

Kwako Mama Mkubwa,

Shikamoo. Salamu kutoka kwetu. Lenny na Shekinah hawajambo, shule inaendelea. Baba yao Zadock yuko barabarani na lori lake, leo amelala Nebraska. Theluji imefika kwenye vioo vya gari.

Mama Mkubwa, sijui niandike vipi. Mama ametuacha. Ilikuwa Alhamisi ya wiki juzi, asubuhi, hospitalini. Nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa. Figo zilikataa kabisa. Alikuwa amesema azikwe walipo wajukuu, basi tumemzika hapa juzi Ijumaa. Ardhi ilikuwa imeganda hadi wakaweka mashine ya kuipasha moto ndipo ichimbike. Nilisimama pale nikawaza, Mama Mkubwa angekuwepo angeniuliza kama ni "ichimbike" ama "ichimbwe". Ndivyo akili yangu ilivyo siku hizi. Inashika vitu vidogo kwa sababu kile kikubwa hakishikiki.

Nimeishia hapo, simu imelia. Mjomba Timothy amepiga simu kutoka Nakuru. Nilipomwambia nakuandikia wewe, alipaza sauti: "Wewe Velma! Msiba hauandikwi! Mtu mzima haambiwi kifo na karatasi. Unaenda, unaketi naye, anapewa maji anakunywa, ndio unasema. Huyo ni dada yake wa tumbo moja, na moyo wake mwenyewe unatembea na dawa. Atasoma hiyo barua akiwa na nani? Na hao Wazungu hawajui hata kusema pole?"

Nikamwambia Italia si Naivasha. Akasema, "Kwani ndege ziliisha?"

Kwa hiyo hii sitaituma. Nitakuja mwenyewe.


New Hope, Minnesota
5 Februari 2023

Kwako Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, kama ulivyotufundisha wakati watoto wengine wote wa Nakuru walikuwa wanasema "sasa". Natumai moyo unakutii na dawa unazimeza, huzifichi chini ya mto. Huku tu wazima. Lenny sauti imeanza kupasuka, akishika simu watu wanadhani ni baba yake. Shekinah ameng'oka meno mawili ya mbele na anayadai pesa, kama watoto wa huku. Zadock anakusalimu, amekuja Jumanne akaondoka Alhamisi.

Mama amepumzika. Hana maumivu tena, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Sasa habari yenyewe. Nakuja Italia mwezi wa sita na watoto! Shule zikifungwa tu. Nili-book tiketi jana kabla sijabadilisha mawazo. Tutakaa masaa tisa hewani, Mungu atusaidie na Shekinah. Tuna siku nane. Nimepanga Roma, Firenze, Pisa, Venezia na Milano, na wewe tutakupitia hapo katikati. Lenny anataka ule mnara wa Pisa, Shekinah anataka boti. Mimi nataka kukuona wewe. Kama unajua mahali nzuri pa kulala Roma, pasipo ghali, niambie.

Zadock hatakuja, kazi haimruhusu. Mstari wa Mama haupo hapo chini safari hii, hakuweza kushika kalamu.

Mwanao,
Velma


Bologna
22 Februari 2023

Velma mwanangu,

Marahaba, na salamu kutoka nyumba ya vikongwe. Barua yako ilifika jana pamoja na katalogi ya mbegu za bustani, nikaanza na wewe. Nimeisoma kwa sauti kama kawaida yangu, maana tangu yule Sista Mtanzania arudishwe kwao, barua zako ndizo Kiswahili pekee kinachosikika humu ndani. Masista wanaopita mlangoni hudhani nasali. Masikio yangu yamefunga duka kabisa, kwa hiyo usijaribu tena simu. Mara ya mwisho nilizungumza na fundi wa umeme kwa muda mrefu nikidhani ni wewe.

Sasa hiyo safari. Miji mitano kwa siku nane, na watoto! Hiyo si ziara, hiyo ni kukimbizwa na polisi. Mtaona stesheni tano na vyoo vyake. Fanya hivi: Roma siku tatu, Firenze mbili, halafu mje kwangu. Milano achana nayo, sijaona mtoto aliyeililia Milano. Na Lenny anataka Pisa kwa ajili ya ile picha, sivyo? Hapa Bologna tuna minara miwili, na mmoja umeinama kama mlevi anayetafuta ufunguo. Apige picha hapo, awaambie rafiki zake atakavyo. Venezia mtakwenda asubuhi na kurudi jioni, si mbali kwa treni. Magoti ya mama yako Rahab hayatayaweza yale madaraja, kwa hiyo siku hiyo atabaki nami bustanini tuwasengenye nyote.

Hukuandika kama mama yako anakuja, nadhani ulisahau. Nimekwisha kuomba chumba cha upande wa bustani, chenye vitanda viwili. Roma mtalala kwa masista wenzetu. Wana nyumba ya wageni, safi, na jioni wanafunga lango bila huruma. Anwani nimeiandika nyuma. Watoto wawe na nguo za kufunika mabega, la sivyo kanisani watazuiwa mlangoni. Na mjue kwamba huku saa kumi na nne ni saa nane yetu ya mchana. Msije mkakosa treni kwa kujua Kiswahili.

Nimefurahi kusikia Rahab amepumzika. Mwambie asiwe na haraka ya kuamka, namjua. Lakini mstari wake nimeutafuta mpaka ndani ya bahasha. "Nami nipo." Tangu ahamie kwako hakuna barua iliyokosa maneno hayo mawili. Akipata nguvu, mshike mkono aandike.

Masahihisho: "Nili-book" si Kiswahili wala si Kiingereza, ni ajali. Ulikata tiketi. "Masaa tisa" ni "saa tisa", hata kama Nakuru yote inasema masaa. Na "mahali nzuri" ni "mahali pazuri". Hilo nilikufundisha ukiwa na umri wa Shekinah, ukiwa na pengo kama lake.

Mama yako Mkubwa,
Sista Bernardine


New Hope, Minnesota
12 Machi 2023

Kwako Mama Mkubwa,

Shikamoo. Watoto wazima. Shekinah ameota jino moja, limekuja kubwa kama la farasi. Zadock yuko Texas.

Nimekusikia, Milano na Pisa nimezifuta. Lenny alinuna siku moja, halafu akaitafuta minara yako kwenye simu, akasema iko sawa. Jumamosi tulienda Roseville kununua viatu vya kutembea. Shekinah akachagua vyenye taa kwenye visigino. Nilimwambia masista watadhani ni ambulensi. Kazini huko Maple Grove wamenipa likizo, lakini wale wazee ninaowahudumia wameshaanza kuniuliza ni nani atawaogesha nikienda, na mmoja ameniambia niende tu, ila nisirudi na Mwitaliano.

Vile uliuliza kuhusu Mama: hatasafiri nasi. Ndege haiwezi tena. Kile kitanda cha pili mrudishie Mama Mkuu wa masista, usije ukasumbua watu. Yeye yuko hapa hapa, si mbali na nyumba. Nikitoka kazini napita kumwona, nakaa naye kidogo. Ananiachia mimi mazungumzo yote. Mahali penyewe ni patulivu, wanapatunza vizuri, hata theluji wanaiondoa mapema.

Ameacha kuandika, Mama Mkubwa. Nisamehe kwa hilo.

Mwanao,
Velma


Bologna
30 Machi 2023

Velma mwanangu,

Marahaba. Huku bustani imeanza kuchipua, na mimi nimekatazwa kuinama, kwa hiyo naielekeza kwa fimbo kama mwalimu mkuu. Sista mmoja amevunjika nyonga, mwingine amesahau jina lake ila nyimbo zote anazikumbuka. Ndizo habari za hapa.

Umeandika "napita kumwona". Kwa hiyo Rahab hakai nanyi? Mmemweka kwenye nyumba ya wazee, kama hiyo unayofanyia kazi? Sikulaumu, mwanangu. Mimi mwenyewe naishi kwenye nyumba ya wazee, tofauti ni kengele tu. Lakini mbona hukuniambia waziwazi? Najua kazi zako, najua figo zake. Ungesema tu.

Kitanda sikirudishi. Mtu hubadili nia, na Rahab huibadili mara tatu kabla ya chai.

Nikusimulie jambo ambalo huenda hakukuambia. Baba yetu alikuwa haendi kulala bila kutuita majina, mmoja mmoja, amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Aliyeitwa aliitika. Timothy, mimi, wote. Rahab alikuwa wa mwisho, mdogo kama kifundo, na baba alijifanya kumsahau. Aliinua ufunguo kana kwamba anafunga. Hapo ndipo ungesikia kelele kutoka chini ya meza: "Nami nipo!" Baba alicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Mlango haukufungwa kabla Rahab hajasema hivyo. Ndiyo maana mstari wake naudai. Sidai barua ndefu.

Kuhusu safari: Firenze usiwapange watoto kwenye foleni za majumba ya picha kutwa nzima. Picha tatu zinatosha, zilizobaki watazidharau. Wape aiskrimu, halafu kanisa moja, halafu aiskrimu tena. Na gondola ni ya matajiri na wachumba. Nyinyi pandeni boti ya abiria, maji ni yale yale.

Masahihisho: "Vile uliuliza" ni "kama ulivyouliza". Na "Ndege haiwezi tena" ina maana ndege ndiyo iliyoshindwa kuruka. Ungeandika "Hawezi tena kupanda ndege". Fikiri kabla ya kuandika juu ya mama yako.

Mama yako Mkubwa,
Sista Bernardine


New Hope, Minnesota
11 Aprili 2023
(Haikutumwa)

Mama Mkubwa,

Hii nayo sitaituma, najua hata ninapoianza.

Leo nimewaketisha watoto. Nimewaambia tukifika kwako wasimtaje nyanya yao mpaka mimi nimalize kuzungumza nawe. Lenny akasema, "So we're lying."

Nikamwambia, "Hatudanganyi. Hatujasema bado."

"Same thing, Mum."

Shekinah akauliza kama kulia pia haturuhusiwi. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sijawahi kukudanganya. Kila sentensi ninayoandika juu ya Mama naisoma tena, nione kama ni kweli mbele ya Mungu. Amepumzika, ni kweli. Hana maumivu, ni kweli. Yuko karibu na nyumba, ni kweli, naliona lango la makaburi nikielekea kazini. Halafu wewe unaniandikia nimwambie asiwe na haraka ya kuamka. Nililisoma hilo ndani ya gari nikashindwa kuendesha. Nimechoka kutafuta maneno, Mama Mkubwa. Kiswahili chako kina maneno mengi ya kusema mtu amekufa bila kusema, na karibu nayamaliza.


New Hope, Minnesota
17 Aprili 2023

Kwako Mama Mkubwa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Theluji imerudi, mwezi wa nne huu! Watoto wamelia, mimi nimelia, gari pia limekataa kuwaka. Zadock alikuwa nyumbani kwa sikukuu, alichoma nyama nje akiwa amevaa koti na glovu.

Mpango sasa umekamilika. Tunaondoka tarehe kumi na mbili Juni, tunafika Roma Jumanne asubuhi, tunalala kwa wale masista wako. Ijumaa tunaenda Firenze. Jumapili tarehe kumi na nane tunakuja kwako na treni ya saa kumi na nne, ambayo najua ni saa nane. Jumatatu Venezia. Nimeangalia, ni kama masaa mawili tu hata ukipanda ile treni ya pole pole. Watoto wata-enjoy sana. Shekinah nilimwambia Italia kuna nyanya kila mahali, akanitazama kwa macho makubwa mpaka ikabidi nimweleze ni zile za kupikia.

Ile habari ya nyumba ya wazee, tutaizungumza nikifika. Haifai kwa karatasi.

Nitakuletea majani ya chai ya Kericho, yale ambayo Mama alipenda kuyachemsha na tangawizi mpaka majirani wakauliza kunapikwa nini. Niambie kama kuna kitu ingine unachotaka.

Mwanao,
Velma


Bologna
21 Mei 2023

Velma mwanangu,

Barua yako ilifika mapema. Jibu ndilo lililochelewa, na kosa ni langu. Nilikaa kitandani siku kadhaa. Si moyo, usiogope, daktari amenisikiliza na kuniacha. Halafu mvua ikaja, mvua ambayo sijaona mfano wake tangu nije huku. Vijiji vimezama, treni za upande wa bahari zimesimama, ghala letu la chini limejaa maji na viazi vinaelea. Hapa juu tu salama. Njia yenu ya Firenze itakuwa wazi mkifika.

Mpango wako ni mzuri. Usibadili kitu. Nitaomba nipelekwe stesheni Jumapili, nitakuwa nimevaa sweta ya bluu ambayo mama yako alinifumia.

Sitaki kitu kingine. Lete hayo majani ya chai.

Safari hii sina masahihisho.

Mama yako Mkubwa,
Sista Bernardine


New Hope, Minnesota
29 Mei 2023

Kwako Mama Mkubwa,

Shikamoo, na pole sana kwa mafuriko na kwa viazi. Lenny amebandika barua yako kwenye friji. Anasema nimepata alama zote kwa mara ya kwanza maishani, na mimi nimejivuna kweli. Nimemwambia Mjomba Timothy akacheka, akasema lazima unazeeka.

Masanduku yamefunguliwa sebuleni. Shekinah analala na viatu vyake vya taa. Nikimwona anavyofurahi naona haya, kwa sababu mimi siwezi kufurahi naye. Nikifika nataka tuketi sisi wawili tu, watoto wakicheza bustanini. Nina maneno ya kukuambia ambayo nimeyabeba tangu mwezi wa kwanza na ni mazito. Usianze kuwaza, tafadhali. Meza dawa zako.

Mwanao,
Velma


Bologna
10 Juni 2023

Velma mwanangu,

Karibu Roma. Barua hii imebebwa na Sista anayekuja huko mkutanoni, ameahidi kuiacha mapokezi. Usiisome ukiwa umesimama. Waogeshe watoto kwanza, wape chakula, halafu uombe glasi ya maji, uketi, unywe.

Umekunywa? Haya.

Rahab amekufa. Nimeandika mimi, ili usiwe umeandika wewe. Timothy akifoka, mwambie aliyevunja mila ni dada yake, na hawezi kumpiga tena.

Najua tangu barua yako ya Aprili. Uliandika chai "ambayo Mama alipenda". Nimefundisha wakati uliopita tangu kabla hujazaliwa, Velma, naijua "li" iliyokosewa na naijua "li" iliyokaa mahali pake. Nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya, safari hii kimya kimya. Amepumzika. Hana maumivu tena. Ananiachia mimi mazungumzo yote. Hakuna hata sentensi moja ya uongo. Sijapata kuona mtu aliyejitesa hivyo ili asinidanganye. Kisha nikakumbuka mimi nilivyokujibu, kwamba umwambie asiwe na haraka ya kuamka. Nililia mpaka Sista wa jikoni akaja mbio. Nikamwomba maji. Alileta, nikaketi, nikanywa. Hajui neno pole, lakini alivuta kiti akakaa nami mpaka supu ikaungua. Kwa hiyo mwambie Timothy kila kitu kilifanyika kwa utaratibu.

Ile barua ilikuwa na makosa mengine, "masaa" yako yakiwemo, na "kitu ingine". Niliyaona. Nilishika kalamu nikaiweka chini. Ningeanza na hayo madogo ningefika kwenye lile, na lile halikuwa kosa.

Nilikusudia kunyamaza. Ungefika Jumapili, ungenipa maji, ungesema, ningelia upya kwa ajili yako, na mila ingekuwa imetimia. Lakini umeniandikia kwamba Shekinah anafurahi nawe unaona haya. Nikakuona Firenze, umesimama mbele ya vitu vizuri vyote vile huvioni, unapanga sentensi ya kuniambia. Nikawaona watoto wanaogopa kulitaja jina la nyanya yao wakiwa likizoni. Hapana. Utue mzigo huo hapo Roma, mapokezi kwa masista. Watoto wamtaje. Wamtaje kwenye treni na kwenye boti, wamlilie popote kilio kitakapowakuta, Waitalia hawashangai mtu kulia. Usije kuniambia. Njoo unisimulie: nani alikuwa naye, nani alimwosha, mlimlaza wapi katika nchi ile ya barafu. Masikio yangu yakishindwa utaniandikia kwenye karatasi, na "masaa" yako yote, sitagusa herufi.

Nina huzuni kubwa, sitakuficha. Mimi ndiye mkubwa wake, mimi ndiye niliyepaswa kuitwa kwanza. Ningepanda ndege mwaka juzi ulipotaka kunitumia tiketi, nami nikasema moyo, nikasema bustani. Tulidhani tuna muda, kila mmoja akamsubiri mwenzake apone.

Kitanda cha pili kiko pale pale, upande wa ukuta. Alikipenda upande wa ukuta tangu utotoni. Sasa ni chako. Watoto wamepewa chumba cha jirani, viatu vya taa vinaruhusiwa.

Siku ile niliyojua, jioni nilikwenda kusimama mlangoni pangu nikaita majina kama baba. Timothy. La kwangu. Wale waliotangulia. Nikafika kwa Rahab, nikangoja. Mimi sisikii hata kengele ya kanisa, lakini nilingoja, mkono kwenye kitasa, na nikashindwa kufunga. Tangu hapo mlango wangu unalala wazi, na masista wanadhani ni joto.

Mtu lazima aitike, Velma. Nimefikiri sana ni nani. Wewe una watoto wa kuwaita majina, hiyo ndiyo kazi yako sasa, usiku wa leo hapo Roma na kila usiku. Ya kuitika nimeichukua mimi, na kuanzia sasa katika kila barua nitakayokuandikia utaukuta mstari wake pale chini, mahali pake.

Jumapili, saa nane. Sweta ya bluu.

Mama yako Mkubwa,
Sista Bernardine

Nami nipo.